Kisiki Kilichokataliwa



Lantana tunaijua. Ililetwa kutoka Amerika kama ua la bustani, leo inavamia mashamba na kudhuru ng'ombe wanaoila. Hapa Ujiji tukiiona, tunashika panga. Lakini mtu mwenye subira hung'oa kisiki chake kikongwe, akapunguza matawi na mizizi, akakipanda kwenye chungu. Taratibu kinakuwa bonsai: mti mzee, kimo kifupi, mzuri pamoja na makovu yake.

Rafiki, umeshaambiwa wewe ni magugu? Mungu hakutupi. Ila atakata: ule uongo, ile kamari ya kwenye simu. Itauma. Yesu anatufundisha katika Yohana 15 kwamba Baba hupogoa tawi ili lizae zaidi. Jumamosi hii kaungame. Usiogope mkasi wake.