Panya, Ugoro na Sifa ya Kujizuia

Singida, kama kwingineko, asiyevuta sigara wala kunusa ugoro husifiwa kwa nidhamu, awe muumini wa msikiti wa mjini au wa kanisa la Kiomboi. Nadhani sifa hiyo tunaigawa bila kupima, na wanaotupa sababu ya kusita ni panya wa maabara. Wale wa ukoo wa C57BL/6, wakiwekewa maji yenye nikotini kando ya maji matupu, huyanywa kwa wingi kuliko wa ukoo wa DBA/2, hata wote wakilelewa katika vizimba vya aina moja na kulishwa chakula kimoja. Kilichowatofautisha ni jeni. Mwaka 2011 Christie Fowler, Paul Kenny na wenzao walieleza jambo zito zaidi: panya waliokosa kipande cha alfa-5 katika vipokezi vya nikotini waliendelea kujipa dozi kubwa ambazo wenzao walizikataa. Kwa dozi ndogo hawakuzidiana. Waliyoikosa ni ishara ya ubongo inayosema basi. Sasa, aliyeambiwa basi na mwili wake mwenyewe ameshinda nini?

Mtu ataniuliza kama mwizi naye asingizie jeni. Hapana. Panya hawezi kuweka nadhiri, wala kumwomba mkewe amfichie kopo la ugoro. Binadamu anaweza, kwa hiyo wajibu unabaki. Kinachobadilika ni kipimo chake. Injili ya Marko inamhesabu mjane wa sarafu mbili kuwa ametoa zaidi kuliko matajiri, na Waislamu hufundishwa kwamba Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba panya si watu: koo hizo zimetengenezwa kwa kuzalisha kaka na dada kwa vizazi 20 au zaidi, na hakuna kijiji cha Wanyaturu cha namna hiyo. Tena badiliko la jeni ya alfa-5 linalojulikana sana kwa watu wenye asili ya Ulaya ni adimu barani Afrika. Nakubali yote, na ndiyo maana huwezi kumtazama mvutaji wa Manyoni ukajua mwili wake unamdai kiasi gani. Lakini kutojua huko kunamgusa pia asiyevuta. Mzee aliyeonja sigara mara moja ikamchefua, na fundi baiskeli aliyeacha, akarudia, akateswa na arosto, akaacha tena: sioni kwa nini wa kwanza ndiye apewe kiti cha kuwashauri vijana.