Sheria Isiyo na Askari

Siku moja nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu habari za Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague katika nchi ya Uholanzi. Niliwaambia ya kuwa ina majaji 15, na kazi yake ni kuamua mashauri baina ya mataifa. Kijana mmoja akainua mkono, akauliza, “Mwalimu, nchi ikikataa hukumu, hukamatwa na nani?” Nilimjibu kuwa hakuna askari wa kuikamata. Darasa zima likacheka. “Basi,” akasema, “hiyo si sheria, ni ombi.” Insha hii ni jibu langu kwake.

Mfano hauko mbali. Kenya na Somalia ziligombea mpaka wa bahari, katika eneo la kadiri ya kilomita za mraba 100,000. Somalia ilipeleka shauri mahakamani mwaka 2014. Kenya ilidai ya kuwa nchi hizo mbili zilikwisha patana mwaka 2009 kuliamua jambo hilo kwa mazungumzo, lakini mwaka 2017 mahakama haikuikubali hoja hiyo. Shauri liliposikilizwa Machi 2021, Kenya haikuhudhuria. Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021, na mstari uliochorwa ulikaribia zaidi ule uliotakwa na Somalia. Kenya ikaikataa hukumu yote.

Uchungu huo naufahamu. Nani apendaye kuona bahari aliyoihesabu kuwa yake ikikatwa kwa kalamu ya watu walio mbali? Lakini na tujiulize swali moja. Mwaka 1986 mahakama hiyo hiyo iliamua kuwa Marekani iliikosea Nicaragua kwa kuwasaidia waasi na kutega mabomu katika maji ya bandari zake. Marekani haikutii, na jambo lilipofika mbele ya Baraza la Usalama, ikalizuia kwa kura yake ya turufu. Sisi wa nchi ndogo tusomapo habari hiyo, huona kuwa mwenye nguvu amemdhulumu mnyonge. Je, twaweza kumlaumu kwa tendo ambalo sisi wenyewe twalihalalisha? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa tutazame Nigeria. Mwaka 2002 mahakama iliamua kuwa rasi ya Bakassi ni mali ya Kameruni. Nigeria ilikuwa na majeshi huko, na wakazi wengi walijihesabu Wanigeria. Ilinung’unika na kusitasita. Hata hivyo, mwaka 2006 ilitia sahihi mapatano ya kuondoka, na mwaka 2008 ikakabidhi sehemu iliyobaki. Wako wakazi waliohama makwao kwa huzuni, wala si haki kuusahau msiba wao. Kutii kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo huwaangukia wasioulizwa. Lakini vita navyo vingewaangukia wao kwanza.

Basi kijana wangu, umeuliza ni nani atakayeikamata nchi isiyotii. Nami nakuuliza: ukikopa fedha kwa jirani pasipo shahidi, ni askari gani atakayekulazimisha kulipa? Wajua ya kuwa ahadi ni deni. Katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa kila mwanachama ameahidi kutii hukumu ya shauri linalomhusu, na Kenya imo katika umoja huo tangu mwaka 1963. Ahadi haipimwi siku ya ushindi, kwa maana hakuna ashindaye akakataa hukumu. Hupimwa siku ya kushindwa.

Taifa lenye nguvu laweza kuishi pasipo sheria, likategemea manowari zake. Taifa dogo halina ngao nyingine. Likiivunja sheria leo kwa kuwa imeliuma, kesho litajikinga kwa nini?