Nani Mwenye Haki ya Kufuta?

Kompyuta iliyokufa ilipofunguliwa katika kibanda cha fundi wangu hapa Mjini, ndani yake palikutwa kiungo kimoja kizima: diski ngumu ya gigabaiti 80. Fundi alinipa kwa bei ya chai na andazi. Nilikuwa na haja nayo, kwani tafsiri zangu za miaka mingi zilikaa katika mashine moja tu, na uchungu wa kupotelewa na mswada nimekwisha kuuonja. Nikaitia katika kikasha chake, nikaiunganisha kwa waya, na kabla ya kuifomati nikaichungulia.

Kumbe haikuwa tupu. Mlikuwa na hesabu za duka, picha za mtoto akikata keki, na folda iliyopewa jina la "Mashairi". Nakiri kosa langu: nilifungua shairi moja. Mtungaji alimlilia mkewe, na katika ubeti wa tatu mizani ilivunjika, sijui kwa kutojua au kwa kilio. Nikafunga kwa haya, mithili ya aliyesukuma mlango bila hodi.

Haya ile ikanitia haraka. Nikachagua fomati ya haraka, na punde kompyuta ikanihakikishia kuwa diski ni tupu. Fundi alicheka nilipomsimulia. Fomati ya namna hiyo, alisema, haifuti maandishi, inatupa fahirisi tu. Kurasa zimo vilevile mpaka maandishi mapya yakae juu yake. Akaendesha programu ya kuokoa mafaili, na yule mtoto akarudi na keki yake.

Jambo hili si la kibanda kimoja. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, watafiti wa MIT huko Marekani, walinunua diski kuukuu 158 na kutoa taarifa yao mwaka 2003. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na katika hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilibeba siri za wenyewe, zikiwemo habari za maradhi na namba za kadi za benki.

Je, anunuaye chombo amenunua na kilichomo? Wapo watakaosema kwamba mwenyewe amekwisha kukitupa. Lakini mtu hawezi kutupa asichojua kuwa bado anacho. Aliyeuza kompyuta mbovu aliuza chuma. Kilio chake hakukitia katika bei.

Wengine watasema: basi futa vyote, na heshima imetimia. Nami nilidhani hivyo, hata nikakumbuka chuoni utotoni. Tuliandika juu ya ubao, na mwalimu hakuturuhusu kuuosha mpaka tuwe tumehifadhi. Maji yalikuja baada ya moyo kupokea. Kufuta kulikuwa na sharti lake: kinachofutwa kiwe kimekwisha kupata makao pengine. Shairi la yule bwana sikujua kama lina makao pengine. Kulisoma kulikuwa kuvunja siri. Kulifuta bila kuuliza kungekuwa kuamua, kwa niaba ya watu nisiowajua, kwamba hawalihitaji.

Ndipo nikaona kwamba diski ile ilikuwa kwangu amana kabla ya kuwa mali. Nikamwomba fundi amtafute aliyeiuza. Baada ya siku tisa akaja kijana mmoja, mwana wa marehemu. Hesabu za duka alizijua, na mtoto wa keki alikuwa yeye mwenyewe. Mashairi hakuyajua. "Sikupata kusikia kuwa baba akitunga," alisema, kisha akanyamaza kwa muda. Tukamnakilia kila kilichookolewa, nami nikamwomba ruhusa.

"Futa, mzee wangu," akasema.

Usiku ule sikuchagua njia ya haraka. Niliiamuru mashine iandike sifuri juu ya diski nzima, mwanzo hadi mwisho, nami nikakaa nikingoja mpaka ikamaliza. Sasa tafsiri zangu zimo humo. Na siku nami nitakapoondoka, nataraji yule atakayeikuta atabisha hodi kwanza.

Umebaki ubeti mmoja tu, ule wa tatu. Huo umo kichwani mwangu, na sijui njia ya kuufuta. Ninachoweza ni kutoutoa kwa mtu, na hiyo ndiyo sehemu yangu ya amana iliyosalia.