Mcheza Kwao na Mcheza Ugenini

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na mtu wa Unguja hahitaji kufasiriwa methali hii. Ameiona kwa macho usiku wa taarab, pale msikilizaji anapoinuka kitini, akenda jukwaani kwa madaha, akamtunza mwimbaji noti yake na kurudi mahali pake. Ameiona katika uwanja wa Amaan, ambao ulifunguliwa mwaka 1970, watoto wa skuli wakicheza halaiki katika sherehe za Mapinduzi na wazazi wao wakiwatafuta miongoni mwa mamia ya mashati ya rangi moja. Mzazi akimwona wake hupiga makofi. Haulizi kama mwanawe amekosea hatua, wala haulizi halaiki itamletea mkate gani.

Methali haikusema lolote, hata hivyo, juu ya mcheza ugenini. Swali hilo huingia katika nyumba za Amani kama linavyoingia kwengineko, pale mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne anapotamka kwamba hataki uhasibu wala unesi, anataka kusomea uigizaji. Hapo wazazi hulazimika kulifikiri jambo ambalo makofi ya uwanjani hayakuwafundisha: mzazi anadaiwa nini na mtoto anayetaka kwenda kusimama mbele ya watu wasiomjua, ili wamwambie kama anafaa au hafai?

Na achukuliwe, kwa mfano tu, msichana wa miaka 17. Amecheza michezo ya skuli tangu alipokuwa mdogo, na walimu na majirani wamemsifu. Anataka kuvuka kwenda Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Au, akijaaliwa kuendelea na masomo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zimekuwa zikifundishwa tangu miaka ya 1960. Mama yake yu radhi. Baba yake hayu radhi, naye ana hoja mbili: sitara na mkate. Hoja hizo zinastahili kusikilizwa kabla ya kupingwa, kwani mwenye kuzitoa anazitoa kwa mapenzi.

Kuhusu sitara, baba husema kwamba binti yake atasimama mbele za watu akijifanya mlevi leo, na kesho akijifanya mke wa mtu asiyekuwa mumewe. Hofu hii si ya kupuuzwa, lakini inashangaza kuisikia katika kisiwa cha washairi. Ushairi wa Kiswahili umeishi kwa sauti za kuazima. Mtunzi mwanamume hutunga kwa kinywa cha mwanamke aliyeachwa. Mwimbaji huimba wivu unaounguza, na hapana anayekwenda kumuuliza mumewe kumezuka nini nyumbani. Wasikilizaji wote wanajua kwamba ile "mimi" ya wimbo si ya mwenye kuimba. Hata uigizaji wenyewe si mgeni Unguja. Michezo mifupi iliyokwenda sambamba na taarab ilikuwa na jina lake, natiki, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi. Mwenye kuvumilia mafumbo ya wimbo na kukataa ya jukwaa anadaiwa kueleza tofauti iko wapi.

Tena kuna deni la zamani zaidi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba takriban mwaka 1880, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa katika santuri Bombay. Alipokuwa hai aliimbiwa nyimbo za kukejeli asili yake ya shamba. Alifariki mwaka 1950, Shaaban Robert akaandika wasifu wake, na leo hapana mzee wa mjini anayemtaja bila ya fahari. Bi Kidude naye, aliyefariki Aprili 2013, alikimbia ndoa aliyopangiwa angali mtoto, akaishi maisha ambayo wengi wasingemtakia binti yao. Na siku ya maziko yake kisiwa kizima kilikuwa chake. Ukipenda boga, penda na ua lake. Jamii inayojifaharisha kwa Siti na kumkataza binti yake kila njia inayofanana na ya Siti inasubiri wasanii wake wafe ndipo iwapende.

Hata hivyo, sitara ina haki yake inayobakia baada ya hoja zote hizo. Mtoto wa miaka 17 ni mtoto. Mzazi ana wajibu wa kujua atalala wapi, atafundishwa na nani, na kama ataweza kuikataa nafasi katika mchezo inayokwenda kinyume na dhamiri yake bila ya kuadhibiwa. Kuuliza hayo si kumzuia mtu. Ni kazi ya ulezi, na msanii mchanga asiyeulizwa maswali hayo na mtu yeyote huenda akayajibu peke yake, kwa gharama kubwa.

Hoja ya mkate ni ngumu zaidi, na anayeipuuza anawadanganya vijana. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilianza Unguja mwaka 2002, na kwa miaka mingi wapita njia wa Mizingani walisikia kanuni, fidla na ngoma kutoka katika jengo la Forodha ya zamani. Mwaka 2019 chuo hicho kilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa uhaba wa fedha. Ikiwa chuo chenye sifa iliyovuka bahari kiliweza kufika hapo, si ajabu baba kuuliza mwanafunzi wake atafika wapi. Jibu la uaminifu ni kwamba hapana ajuaye. Lakini hoja ya mkate, ikikazwa sana, huvunja hata ile ngazi inayosimamia, kwa sababu vijana wenye vyeti vya biashara na uongozi nao wanazunguka na bahasha zao wakitafuta kazi. Hoja hiyo inafaa kumfanya mtoto ajifunze jambo la pili pamoja na sanaa yake, kama vile kufundisha, kushona mavazi ya jukwaa au kuendesha mitambo ya taa na sauti. Haitoshi kumzuia asiende.

Ikiwa wazazi wamefika hapa, na baba amelainika, wengi watadhani swali limekwisha. Ndiyo kwanza linaanza. Kukataa kuna namna moja tu, na kusaidia kuna namna nyingi, na baadhi yake ni madhara yaliyovaa nguo za hisani.

Inafaa kuangalia usaili wenyewe unavyokwenda. Katika vyuo vingi vya uigizaji duniani mwombaji hutakiwa kuhifadhi vipande viwili vinavyotofautiana, kila kimoja cha dakika moja au mbili. Uingereza na Marekani aghlabu kimojawapo huwa cha Shakespeare au cha watunzi wa zama zake. Mtoto wa Kiswahili si maskini hapa. Anayo Mabepari wa Venisi ya tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, anayo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka huo huo, anayo Amezidi ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1995. Huingia chumbani, hukuta meza na watu watatu au wanne, husema kipande chake. Kisha, mara nyingi, msaili humkatiza na kumwambia akirudie kile kile, lakini safari hii kana kwamba anamnong'oneza mtu aliye usingizini. Hapo ndipo penye mtihani. Msaili hatafuti kipande kilichokamilika, kwani kama kingekuwa kimekamilika chuo kingefundisha nini? Anatafuta mtu anayefundishika.

Mzazi aliyemchagulia mwanawe kipande, akampangia mkono uinuke kwenye neno lipi na machozi yatoke kwenye neno lipi, amemfunga kamba mtoto huyo. Akiambiwa anong'one, hajui pa kuanzia, maana sauti aliyokuja nayo haikuwa yake. Na mzazi mwenye pupa huwa hakumnyima mwanawe nafasi kwa kumchukia. Huenda yeye mwenyewe alipenda kuigiza zamani na hakuna aliyemruhusu, na sasa anasimama jukwaani kwa miguu ya mtoto.

Kuna msaada mwengine, ambao katika visiwa hivi na mwambao wote ni wa hatari zaidi kwa sababu haumwoneshi mtu uso mbaya: kumjua mtu. Mjomba ana rafiki aliyesoma na mwalimu wa chuo. Simu inapigwa, salamu zinafika, mtoto anapokewa. Watu hulipima jambo hili kwa kumhesabu yule aliyekosa nafasi, mtoto wa mvuvi wa Nungwi, tuseme, ambaye hana mjomba. Dhulma hiyo ni ya kweli. Lakini dhulma ya pili inamwangukia mpokewa mwenyewe. Usaili una jambo moja la thamani ambalo nyumba haiwezi kumpa, nalo ni jibu la mtu asiyemjua. Aliyepita kwa salamu za mjomba hatajua abadan kama alifaa. Kila akisimama jukwaani atakuwa na wasiwasi ambao makofi hayautibu.

Kisha kuna sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtoto asiyewahi kusikia ila sifa huenda kwenye usaili kama mtu aendaye vitani na ngao ya karatasi. Je, basi mzazi aseme ukweli mchungu? Mfano wa Lupita Nyong'o una funzo hapa. Akiwa na miaka 14 alicheza nafasi ya Juliet katika kikundi cha Phoenix Players mjini Nairobi, na alitoka katika nyumba ya wasomi. Juu ya hayo alichelewa kulitamka tamanio lake, akasomea filamu na kufanya kazi nyuma ya kamera. Filamu ya The Constant Gardener ilipokuwa ikipigwa Kenya, alimuuliza mwigizaji Ralph Fiennes ushauri, akaambiwa aigize iwapo tu hawezi kuishi bila ya kuigiza. Alisema baadaye kwamba hayakuwa maneno aliyotaka kuyasikia, lakini ndiyo aliyoyahitaji. Akaenda Yale, akamaliza mwaka 2012, na mwaka 2014 akapata tuzo ya Oscar.

Maneno yale yalimfaa kwa sababu yalitoka kwa mgeni. Lau yangetoka kwa baba au mama, yangekuwa na uzito mwengine, kwani mtoto akisikia "hufai" kwa mzazi hasikii hukumu ya kipande cha dakika mbili. Anasikia hukumu ya nafsi yake. Na mzazi aghlabu hana ujuzi wa kutoa hukumu ya kwanza, wala hapaswi kutoa ya pili. Mzazi mkweli anaweza kusema, "Nilisikia maneno yote isipokuwa mstari wa mwisho," au, "Pale ulipolia nilikuamini, pale ulipocheka sikukuamini." Huo ni ukweli wa mtazamaji, na mtoto anaweza kuufanyia kazi. Zaidi ya hapo ni mamlaka ambayo mzazi hakupewa.

Anadaiwa nini, basi? Anadaiwa nauli, na nauli si jambo dogo kwa nyumba yenye watoto watano. Wazazi wana haki ya kusema mwaka huu haipo, na kuwaambia watoto hesabu ya nyumba bila ya aibu. Anadaiwa muda na kimya, mtoto apate kujirudia barazani bila ya kusahihishwa kila neno. Na anadaiwa kutoufunga mlango wa nyumba kwa matokeo yoyote yatakayokuja.

Hapa methali ya wahenga inastahili kusomwa upya. Wengi huisoma kana kwamba kwao ni mahali pa wepesi, ambapo hata asiyejua hupewa tuzo kwa kupendelewa. Lakini huenda walikusudia jambo zito zaidi. Wageni watampima mchezaji kwa mchezo wake, na ni haki yao, na anawahitaji wafanye hivyo bila ya huruma. Nyumbani hatuzwi kwa sababu alishinda. Anatuzwa kwa sababu ni wao, na anayelijua hilo anaweza kwenda kupimwa ugenini bila ya kuhisi kwamba uhai wake wote umewekwa mezani.

Kwa hiyo boti ya Dar es Salaam inapofunga gati Malindi, na yule msichana wa Amani akashuka na mkoba wake, mtihani mwengine unamngoja baba yake pale bandarini. Swali liko ulimini: umepita? Akiweza kulizuia, akaupokea mkoba, akauliza kwanza kama mtoto amekula, atakuwa ameshajibu yale yote aliyokuwa akidaiwa.