Aliyetumwa Kutoa Aanze kwa Kupokea

Mtumishi anapoagwa kwenda misioni ng'ambo, husimamishwa mbele ya madhabahu, wachungaji wakamwekea mikono na kwaya zikaimba. Maombi karibu yote huwa juu ya kile anachokwenda kutoa: ahubiri, afundishe, agange wagonjwa. Ni nadra kusikia mtu akiombewa neema ya kupokea. Mimi naamini kwamba katika siku za kwanza ugenini, hiyo ndiyo neema anayoihitaji kuliko zote.

Kanisa letu la Kilutheri lilinituma kutoka Tanzania kwenda Wuppertal, Ujerumani, mji ambao treni yake imekuwa ikipita ikining'inia juu ya mto tangu 1901. Huko ndiko yaliko makao makuu ya UEM (United Evangelical Mission), ambayo tangu 1996 ni umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yanayopeana watumishi. Nilifika majira ya baridi, saa kumi na moja jioni giza linaingia. Jumapili maduka yamefungwa na mitaa imetulia. Ibada ni ya saa moja tu, na wengi waliomo ni wazee. Hakuna kwaya za kupokezana, wala mnada wa kuku na mikungu ya ndizi nje ya kanisa baada ya baraka. Nyumbani nilikuwa mtu wa kuombwa ushauri. Huku hata tiketi ya basi sikuweza kununua bila kuelekezwa.

Aliyenielekeza zaidi ni mzee wa kanisa mmoja, mama mstaafu anayeishi peke yake. Alinichukua hadi nyuma ya nyumba yalikopangwa mapipa ya taka, kila moja na rangi yake: la karatasi, la plastiki, la maganda ya chakula, na la taka nyinginezo. Akaokota ganda la yai kwenye ndoo yangu, akalinyanyua nilione, akalitia pipa la maganda, kisha akanipa ganda la ndizi nami nifanye vivyo hivyo. Alipoona nimefuata, akapiga makofi. Tukaingia ndani, akanifundisha kutamka jina la mtaa wangu hadi likanyooka, huku chai ikipoa mezani. Akawa anakuja kila alasiri. Nilikuwa nimebeba mahubiri ya kumfariji mtu kama yeye, kumbe kilichomchangamsha ni kuwa na mtu anayemhitaji.

Njia hii ya kupokea kwanza haikuanza na sisi. Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, akitumwa na chama cha misioni cha Uingereza, CMS. Julai mwaka uleule, mkewe Rosina na mtoto wao mchanga wa kike walifariki. Kaburi la Rosina liko Nyali hadi leo. Krapf hakuwa na usharika, na lugha alikuwa bado anaitafuta. Aliyemsaidia alipoanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa kadhi wa Mombasa, mwanachuoni wa Kiislamu. Kwa hiyo kabla Krapf hajawa mwalimu wa mtu yeyote pwani ile, alikuwa mwanafunzi, na mwalimu wake alikuwa mtu wa dini nyingine.

Injili nayo inasema hivyo hivyo. Katika Luka sura ya 10, Yesu anawatuma wanafunzi bila mfuko wala mkoba, na anawaagiza wale watakachoandaliwa na wenyeji wao. Angeweza kuwapa akiba. Badala yake aliwatuma wakiwa wahitaji, ili mlango wa kwanza wafunguliwe kwa ukarimu wa mtu mwingine.

Kwa anayejiandaa kusafiri, nina mawili ya kumsihi. Kwanza, simu isikurudishe nyumbani kila saa. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, Wuppertal wakati wa baridi ni saa mbili, hivyo unapoamka habari za nyumbani zimeshakungoja. Ukiamka na habari za kijijini na kulala nazo, mwili uko Ulaya na moyo haujapanda ndege. Pili, usiharakishe kuandika kwamba wenyeji wako ni wakavu au kanisa lao limekufa. Mtu asiyekusalimu njiani anaweza kuwa ndiye atakayekusindikiza kwenye ofisi ya manispaa ukaandikishe makazi yako, na akakungojea hadi utoke.

Nanyi mnaotuma, msimdai mtumishi wenu matunda katika mwezi wa kwanza. Muulizeni ni nani amemkaribisha mezani, na amejifunza nini kwake. Kisha Jumapili inayofuata, katika maombi ya usharika, mtajeni mwenyeji huyo kwa jina, kwa maana naye anaifanya kazi ya misioni.