Okidi ya Masingini

Masika yalikuwa yanaishilizia. Mimi na binamu yangu tulitoka Bububu asubuhi tukapanda hadi msitu wa Masingini, na huko ukingoni, juu ya tawi la mwembe mkongwe, tukaiona: okidi. Majani yake mazito kama ulimi wa ng'ombe, mizizi myeupe imelikumbatia tawi kama kamba, na kikonyo kimoja chenye maua sita meupe. Tungekaa chini tukaitazama mpaka jua likapanda. Mimi nikatoa kisu.

Nyumbani niliitia kwenye kopo la maziwa, nikalijaza udongo mweusi na samadi ya mbuzi, nikaimwagilia asubuhi na jioni. Bibi alinitazama akasema, "Mjukuu wangu, kilichozaliwa hewani unakizika?" Sikumsikiliza. Wiki ya pili mizizi ilibonyea kama ndizi iliyooza. Ya tatu, nikautupa mmea jaani.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Okidi ya namna ile si kupe wa mti. Hainyonyi utomvu, imeushika mti ili ipate mwanga tu. Mizizi yake imevikwa ganda kama sponji, linalofyonza mvua na umande kisha likakauka upesi. Kuifukia ni kuiziba pumzi. Na kupata nyingine si jambo la msimu mmoja: mbegu zake ni vumbi, hazikubeba chakula chochote, na hazichipui porini mpaka zikutane na kuvu wa kuzilisha. Tunda moja lina mbegu maelfu kwa maelfu, na zinazofika kuwa mmea ni za kuhesabu.

Huko Nyanda za Juu Kusini mambo ni mazito zaidi. Viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa mamilioni, hata jirani na Kitulo, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, vikavushwa mpaka Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayeng'oa kiazi ameng'oa mmea mzima.

Mimi sikujaza gunia. Lakini mwembe ule ulikuwa na okidi moja tu. Nimerudi Masingini mara nyingi, kila masika yakielekea kwisha, nikasimama chini yake na kuinua macho. Tawi lipo, kovu la kisu lipo, na hakijaota kitu.