Mzee Bado Anaishi Meru

Mzee mmoja jirani yetu hapa Runyenjes alizikwa mwaka juzi, lakini mtandaoni bado anaishi Meru mjini. Ukiandika alama yake ya wito kwenye orodha moja ya watu wa redio za ridhaa, unaletewa jina lake, sanduku la posta alilolirudisha alipostaafu, na mraba wa ramani, KJ80. Hakuna mahali panaposema alihama, wala kwamba hatajibu tena.

Binti yake ndiye aliyenionyesha. Mtu aliyechukua lile sanduku huko Meru alikuwa akipata kadi kutoka ng'ambo zenye jina la mzee. Za kwanza alizitupa. Iliyofuata ikamsumbua roho, akaulizia pale mzee alikokuwa akifanya kazi hadi akaipata familia. Binti akanipigia simu kwa sababu, kwa hesabu ya kijiji, kijana aliyeacha chuo na anayeshinda kwenye laptopu lazima ajue mambo ya mtandao.

"Hebu niambie," akasema, "hii kitu tunaifuta ama tunaiacha tu?"

"Anti, nipe siku mbili," nikamjibu. Imenichukua miezi.

Kwa wasioujua mchezo huu: mtu wa redio za ridhaa ana leseni ya serikali ya kurusha mawimbi kwa mapenzi yake, si kwa biashara. Hapa kwetu leseni hutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na alama huanza na 5Z4, kisha herufi zako mwenyewe. Enzi za ukoloni zilianza na VQ4. Hewani wewe ni hizo herufi tu. Mtu wa Japani akikusikia usiku, anachonasa ni herufi na sauti yenye mikwaruzo. Akitaka kujua wewe ni nani, anafungua orodha. Zamani ilikuwa kitabu kinene kilichochapishwa Marekani. Siku hizi ni tovuti kama QRZ.com na HamQTH. Akishakujua, anakutumia kadi kwa posta kuthibitisha kwamba mlisikiana. Ndiyo maana anwani si kitu kidogo. Kadi ile ni ushahidi kwamba kwa dakika chache watu wawili wasiojuana walipatana.

Sasa, orodha hizi hujazwaje? Marekani serikali huweka wazi data za leseni, kwa hivyo tovuti huzichota zote, na mtu anajikuta humo apende asipende. Kwetu ni tofauti. Mara nyingi jina liko humo kwa sababu mwenyewe alijiandikisha. Yaani, alikuwa na intaneti, muda, na hamu ya kupatikana. Anayetazama kutoka mbali anaweza kuona majina machache na kusema kwamba kati ya Embu na Meru hakuna mtu. Lakini kutoandikwa si kutokuwepo. Mama mboga wetu hayuko kwenye ramani yoyote ya simu, na kila siku tunakula kwake.

Basi nilianza na wazo rahisi: orodha ina dhambi mbili, kukosea na kuacha. Dawa yake, nikadhani, ni moja: iwe sahihi na iwe kamili. Kila mtu aandikwe, kila mstari uwe wa kweli, kwisha.

Kosa la mzee lilikuwa la kuchekesha kidogo. Ukipanda matatu kutoka Runyenjes kwenda Meru, unapita Chuka, unapita Nkubu, halafu kabla ya kuingia mjini unavuka ikweta. Kwenye ile miraba ya ramani, herufi ya pili hubadilika hapo hapo. Kwetu ni KI89, Meru ni KJ80. Kwa hivyo orodha ilimweka mzee upande mwingine wa dunia, kaskazini, ilhali kaburi lake liko kusini chini ya mparachichi. Hilo la kurekebisha halina ubishi.

Lililonishinda ni "kila mtu aandikwe."

Kwa sababu sisi wa huku tunazijua orodha kamili. Sheria ya kipande ilitungwa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kikasha cha chuma, kimening'inia shingoni. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa kwenye fungu moja, wakaandikishwa na kupewa vitabu vya pasi, na bila hicho kitabu husafiri. Serikali ile haikutaka umwache mtu. Ilitaka majina yote, vijiji vyote, mienendo yote. Kama ukamilifu ungekuwa wema, basi ile ingekuwa orodha njema kuliko zote.

Lakini siwezi kuishia hapo na kusema orodha kamili ni mbaya, kwani ziko ambazo lazima ziwe kamili. Daftari la wapiga kura likikuacha, limekunyima sauti. Na likimbakiza marehemu, linaweza kumpa mtu mwingine sauti yake. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wetu wa 2007, ilikadiria kwamba daftari lile lilikuwa na marehemu zaidi ya milioni moja. Hapo kuacha na kukosea ni dhambi kweli, na wanaolipa ni watu ambao hawakuulizwa.

Basi nikafika hapa. Usahihi ni deni la mwenye orodha, kila wakati, kwa kila jina. Ukiniandika, niandike jinsi nilivyo, na ukiambiwa umekosea, rekebisha. Ukamilifu ni jambo lingine. Kama orodha inagawa haki, kura, dawa au shamba, ukamilifu nao ni deni. Kama inagawa kufahamiana tu, basi ukamilifu ni hiari ya mwenye jina. Mtu ana ruhusa ya kuwa herufi na mikwaruzo hewani, na kuishia hapo. Kinachotakiwa kwa orodha ya namna hiyo ni kutojifanya. Iseme: hawa ndio waliojitokeza, si hawa ndio waliopo.

Najua kuna atakayeuliza: na aliyekufa, hiari yake anayo nani? Hapo ndipo binti na mimi tulibishana. Yeye alitaka ukurasa ufutwe. "Baba ameenda," alisema, "kwa nini watu waendelee kumwita?" Mimi niliona kufuta ni kosa la pili. Mzee alijiandika mwenyewe, kwa mkono wake, akitaka kupatikana. Alama ya wito inaweza kuja kupewa mtu mwingine, na mtu akiikuta kwenye kadi ya zamani atataka kujua alikuwa nani siku ile. Kumfuta ni kusema mazungumzo yale hayakuwahi kutokea. Kumwacha alivyo ni kusema bado yuko. Vyote viwili ni uongo, tena wa kwanza umevaa nguo safi zaidi.

Watu wa hewani wana msemo kuhusu mwenzao aliyefariki: ufunguo umenyamaza. Ufunguo ni kile kifaa cha kugongea Morse. Nilimweleza binti, akakaa kimya, halafu akasema hilo angelikubali. Tukawaandikia wanaosimamia tovuti. Jina libaki, sanduku la posta liondoke, mraba uwe KI89, na juu iandikwe kwamba ufunguo umenyamaza. Tunangoja.

Lakini kuna jambo sikumwambia. Chuo nilichokiacha 2021 bado kina jina langu kwenye mfumo wake. Mwanafunzi, mwaka wa tatu, hai. Mama huwaonyesha wageni ule ukurasa kwenye simu, nami hukohoa na kwenda kuangalia ng'ombe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inanipa haki ya kudai taarifa zangu zilizokosewa zirekebishwe. Haki hiyo nimeikalia miaka yote hii, kwa sababu kosa lile linanifaa. Linanibakiza mahali nilipohama zamani.

Mzee hakuwa na uwezo wa kurekebisha mstari wake, tukamrekebishia. Mimi ninao. Barua ya kwake niliiandika kwa nusu saa. Ya kwangu nimeifungua mara nne, ina salamu tu.